Ufundi Utazamwao Njiani: Uhakiki wa Habari za Kazi za Mikono katika Nchi ya Mpanda

Miongoni mwa habari zilizoandikwa juu ya bara ya Afrika ya Mashariki, ziko nyingi zilizotokana na safari, na katika hizo hazikosekani kurasa chache zinazosimulia kazi za mikono: mfinyanzi akikanda udongo, mwanamke akisuka mkeka, mhunzi akifua jembe. Kurasa hizo hupendeza, na msomaji huzikumbuka hata baada ya kusahau majina ya vijiji na hesabu ya maili. Walakini ni mara chache zimepata kuhakikiwa. Husomwa kana kwamba jicho la msafiri ni kioo, na kwamba alichokiona ndicho kilichokuwapo. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Njia, majira ya mwaka na chombo cha safari humchagulia msafiri atakachokiona. Naye, asipojua kwamba amechaguliwa, huandika sehemu ya kazi kana kwamba ni kazi nzima. Mahali palipotwaliwa kuwa pa kulipimia jambo hili ni Kabungu, katika nchi ya Mpanda. Na chombo cha safari ni baisikeli, kwa sababu hicho husifiwa kuliko vingine kwa kumpa mtu nafasi ya kutazama.

Kabungu ni kata ya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012 kwa kuugawa Mkoa wa Rukwa. Kabla ya hapo nchi hiyo ilijulikana zaidi kwa jina la Mpanda. Ni nchi ya miombo, yaani misitu ya miti kama mtundu, myombo na mninga, ambayo hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Ina mbung'o wengi, na kwa hiyo katika siku za zamani watu walikuwa wachache na ng'ombe wachache zaidi. Watu wake wa tangu zamani ni Wabende, Watongwe, Wakonongo na Wapimbwe, na kusini yao wako Wafipa. Tawi la reli litokalo Kaliua lilijengwa hata Mpanda panapo mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, lakini reli na mji vikabaki. Baadaye wamekuja wengine wengi: Wasukuma na mifugo yao, Waha, Wanyamwezi, na watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, ambao walipewa makazi Katumba na kisha Mishamo. Kwa hiyo mtu apitaye Kabungu hapiti katika nchi ya kabila moja lenye ufundi mmoja, na jambo hili litarudiwa mbele.

Baisikeli ina sifa zake, na ni haki zitajwe kwanza. Apandaye gari huona vumbi tu. Aendaye kwa miguu huona mengi lakini hafiki mbali. Bali mpanda baisikeli huweza kwenda kilometa 40 au 60 kwa siku katika barabara ya changarawe, na kusimama popote pasipo kuomba ruhusa ya dereva. Chombo chake hakina kelele, basi mlio wa shoka msituni na wa nyundo katika kiwanda cha mhunzi humfikia kabla hajawaona wenye kazi. Tena hakimtengi na watu, maana katika nchi hiyo baisikeli ndiyo ichukuayo mkaa, madumu ya asali, magunia ya mpunga, mikeka iliyoviringwa na vyungu vilivyofungwa kwa nyasi. Msafiri akishuka mbele ya nyumba, wenyeji hutazama kwanza keria na matairi, ndipo wakamtazama mwenyewe, na mazungumzo huanza hapo. Kwa hayo yote baisikeli ni chombo chema. Kosa limo katika kudhani kwamba kupita polepole ni sawa na kukaa.

Na lichukuliwe kwanza jambo la majira. Mvua za nchi hiyo huanza yapata Novemba na kuisha yapata Aprili. Katika miezi hiyo barabara za udongo hugeuka tope, vijito hufurika, na mpanda baisikeli mwenye busara hungoja. Basi safari zake huwa kati ya Mei na Oktoba, na habari zake ni habari za kiangazi, hata kama hakuandika neno hilo. Kiangazi ndiyo majira ambayo watu wamekwisha kuvuna na wana nafasi ya kazi za nyumbani: udongo hukauka bila kunyeshewa, kuni za kuchomea vyungu hupatikana kavu, matete na nyasi zimekomaa. Msafiri huona vyungu vingi uani na mikeka mingi barazani, akaandika kwamba hao ni watu wasioacha kufinyanga na kusuka. Angalikuja Januari angaliwakuta watu haohao shambani wakipalilia, na nyumbani asingaliona mkono uliogusa udongo ila wa kukandika ukuta. Angaliandika kwamba ufundi umekufa. Habari zote mbili zingalikuwa za kweli kwa siku yake, na hakuna hata moja ambayo ingalikuwa ya kweli kwa mwaka.

Mfano ulio wazi zaidi ni mzinga wa nyuki. Nchi ya Mpanda, pamoja na Tabora iliyo jirani yake, inajulikana sana katika Tanzania kwa asali na nta. Mizinga yake ya asili ni ya namna mbili. Wa kwanza ni wa gogo: gogo hupasuliwa, likachongwa ndani kwa tezo hata likapata uwazi, kisha vipande viwili hurudishwa pamoja na kufungwa. Wa pili ni wa gome. Mtengenezaji huchagua mti ulionyooka, usio na matawi ya chini wala vifundo. Hukata mzunguko mmoja juu na mwingine chini, akapasua mstari mmoja wima, kisha hupenyeza kijiti kilichochongwa ubapa na kulibandua gome taratibu hata likatoka zima kama bomba. Kingo mbili hukutanishwa tena na kubanwa kwa vijiti au kushonwa kwa kamba ya gome; ncha huzibwa kwa vifuniko, na kuachwa tundu la nyuki kupitia.

Lakini gome halibanduki hivyo wakati wote. Hubanduka vizuri wakati wa mvua, maji ya mti yanapopanda. Wakati wa ukavu hushikamana na mti, na likilazimishwa hupasuka. Kwa hiyo kazi hii hufanyika katika miezi ambayo mpanda baisikeli hayupo, tena ndani ya msitu ambako barabara haifiki. Yeye huuona mzinga ukiwa umekwisha, umetundikwa mtini au umefungwa juu ya keria ya mtu mwingine. Katika maandishi yake atapiga picha ya mzinga kwa maneno, ataeleza urefu wake na rangi yake. Ufundi wa mzinga hatauandika, na mara nyingi hata hatajua kwamba hakuuona.

Upungufu huu si wa habari tu, maana habari pungufu huzaa hukumu. Mti uliobanduliwa gome kwa mzunguko mzima hufa. Msafiri aonaye shina lililovuliwa huandika juu ya uharibifu wa msitu. Mwingine aonaye mizinga imening'inia kwa utulivu katika matawi huandika juu ya watu wanaoishi kwa amani na msitu wao. Hukumu zote mbili zimetolewa juu ya tandiko la baisikeli. Ili kuhukumu kwa haki yapasa kujua mtu mmoja hubandua miti mingapi kwa mwaka, mzinga wa gome hudumu miaka mingapi ukilinganishwa na wa gogo, mti uliokufa hutumiwa au huachwa, na mwenye mizinga hufanya nini moto wa kiangazi unapokaribia mahali alipoitundika. Maafisa wa misitu na wa nyuki wamekuwa na sababu ya kuwahimiza watu watumie mizinga ya mbao, ambayo haidai mti mzima kwa kila mzinga na ambayo ni rahisi kuvuna. Mrina asali naye ana sababu yake: gome halinunuliwi dukani, ni jepesi kuchukua msituni, na mzinga ukiungua au ukiibiwa, kilichopotea ni kazi ya mikono yake wala si fedha aliyokopa. Huo ni ubishi wa kweli, na mnamo ndani yake msitu na riziki ya watu. Msomaji anayetaka kuufahamu hapati msaada kwa mwandishi anayesifu au kulaani bila kuhesabu.

Jambo la pili ni kwamba barabara huonyesha mwisho wa kazi, na mtu akishuka na kuingia uani huonyeshwa sehemu yake ipendezayo. Ufinyanzi ni shahidi. Udongo huchimbwa mahali maalumu, mara nyingi kando ya mto au bondeni. Huchukuliwa kichwani, hutolewa mawe na mizizi, hulowekwa, kisha huchanganywa na mchanga au vigae vilivyopondwa ili usipasuke. Ndipo huja kuumba: udongo huinuliwa kwa vidole au huongezwa pete juu ya pete, ukalainishwa kwa gunzi la mahindi na kwa kokoto laini ya mtoni. Baada ya hapo chungu huachwa kivulini siku nyingi, hukwanguliwa kitako, hupigwa msasa wa kokoto tena, na hatimaye huchomwa kwa moto wa wazi wa kuni, magome na nyasi. Katika siku zote hizo kuumba huchukua sehemu ndogo sana, lakini ndiko kunakopendeza macho, na ndiko karibu kila msafiri anakokuandika.

Mfinyanzi mwenyewe akiulizwa vyungu huharibikia wapi, aghalabu hataanza na kuumba. Atataja udongo usiochanganywa sawasawa, chungu kilichokaushwa kwa haraka juani, na moto uliokolezwa kabla ya unyevu kuisha, maana chungu chenye unyevu hupasuka motoni na kuvunja vilivyo karibu nacho. Ujuzi mkubwa basi umo katika kuchagua na kungoja, ambako hakuna la kutazama. Jambo hili lina matokeo sokoni. Mnunuzi aliyeona nusu saa ya kuumba hutoa bei ya nusu saa, akaona ametenda haki. Safari za kichwani, siku za kivulini na vyungu vilivyopasuka motoni havilipwi, kwa kuwa havikuonekana. Habari za safari zinazosifu wepesi wa vidole vya mfinyanzi, na kunyamaza juu ya siku hizo, humsaidia mnunuzi kumpunja.

Historia ya chuma katika Ufipa, kusini ya Mpanda, yatoa onyo hilohilo. Huko zilijengwa tanuru za udongo ziitwazo malungu, zenye kimo cha kama meta 3, na baadhi yake zimebaki zimesimama muda mrefu baada ya kazi yake kukoma. Tanuru hizo hazikuvukutwa. Upepo uliingia wenyewe kwa matundu ya chini. Mtu apitaye na kuiona mojawapo atasema kwamba hapo ndipo chuma kilipotoka. Kumbe kilichotoka humo kilikuwa bado kimechanganyika na takataka, kikahitaji tanuru ndogo ya pili yenye mivukuto, kisha fuawe na nyundo ya mhunzi, ndipo kikawa jembe. Makala za R. Wise zilizotoka mwaka 1958 katika Tanganyika Notes and Records zilieleza kazi hiyo na miiko yake; Roy Willis na Randi Barndon waliandika baada yake; na Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kuchunguza mabaki yaliyo ardhini, alionyesha kwamba malungu haikuwa namna pekee ya kuyeyusha chuma katika nchi hiyo, bali palikuwa na nyingine, mojawapo ikiitwa katukutu. Elimu hiyo ilipatikana kwa kuuliza wazee na kupima udongo na mavi ya chuma. Wapita njia waliokuwa wakiziona tanuru zilezile kwa miaka mingi hawakuipata.

Tofauti kati ya apitaye na akaaye si ngeni katika maandishi ya Kiswahili. Mwaka 1901 Carl Velten alitoa kitabu cha Safari za Wasuaheli, chenye habari za wasafiri kama Selim bin Abakari na Sleman bin Mwenye Chande. Na mwaka 1903 alitoa Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu kubwa yake ilitokana na Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyeishi Bagamoyo. Vitabu hivi vina mhariri mmoja na vimeachana miaka miwili tu; hata hivyo akivisoma pamoja mtu huona macho mawili. Msafiri hufuata njia: husimulia kufika, kulala, kutoa hongo na kuondoka, na vitu vya watu humjia hasa kama chakula cha kununua au bidhaa ya kubadilishana. Mwenyeji hufuata shughuli yenyewe: lipi hutangulia, lipi hufuata, nani hulifanya, na kila kitu huitwaje. Haifai kuwalaumu wasafiri wale. Msafara ulikuwa na mizigo, hofu na haraka zake. Stanley naye, alipokatiza nchi aliyoiita Ukawendi mwaka 1871 akielekea Ujiji, alikuwa akimtafuta Livingstone, wala mtu hawezi kutaraji kwake habari kamili za ufundi wa wenyeji. Lakini mpanda baisikeli wa leo hana wapagazi wa kulisha wala hongo ya kutoa, na kwa kauli yake mwenyewe ametoka nyumbani ili atazame. Nyakati zimebadilika, namna ya kuandika imebaki ileile ya msafara.

Neno lingine lipaswalo kuhakikiwa ni jadi. Msafiri huja akitafuta ufundi wa jadi, na kwa neno hilo huwa na maana ya kitu kisichobadilika na kisichotoka mahali pengine. Akimkuta mhunzi akifua shoka kwa springi ya gari, hushuka moyo. Akimkuta mshona makapu ametumia sindano iliyochongwa kwa spoku ya baisikeli, hugeuza kamera yake ili spoku isionekane. Lakini mhunzi anayejua kwa rangi ya chuma motoni ni wakati gani wa kupiga na wakati gani wa kuzamisha majini, anajua kitu kilekile alichojua mhunzi wa malungu. Chuma kimebadilika asili. Macho yanayokihukumu hayakubadilika. Na kama ufundi ungekataa kila kitu kipya, ungekuwa umekufa siku jembe la kwanza la dukani liliposhushwa katika kituo cha reli.

Ajabu iliyo kubwa zaidi ni hii. Gurudumu la msafiri huyo likichomwa na mwiba, yeye hulipeleka kwa fundi aketiye chini ya mwembe. Fundi hung'oa tairi, hujaza mpira upepo, huuzamisha katika beseni la maji na kufuata mapovu. Hukwangua mahali pa tundu kwa msasa, hukata kiraka katika mpira mkuukuu, hupaka gundi, hungoja ikauke kwa kiasi chake, kisha hubandika na kugonga. Gurudumu likiwa limepinda, hukaza spoku moja na kulegeza nyingine, akilizungusha na kulitazama ubavuni hata likaenda sawa. Huu ni ufundi wa mikono kwa kila maana ya neno. Una malighafi, vyombo, mwalimu na mwanafunzi, na una kipimo kisichopatikana kitabuni. Msafiri huutazama tangu mwanzo hata mwisho kwa kuwa hana la kufanya ila kungoja. Hulipa, hupanda, na haandiki neno. Hiyo yaweza kuwa ndiyo kazi pekee aliyoiona nzima katika safari yake yote, naye huihesabu kuwa wakati uliopotea.

Kadhalika neno jadi hushindwa mbele ya asili ya watu wenyewe. Katika Burundi kazi ya ufinyanzi ilinasibishwa hasa na Watwa, na makapu ya kushonwa kwa mizunguko ya nyasi yalikuwa fahari ya nyumba. Watu waliofika nchi ya Mpanda baada ya mwaka 1972 hawakuacha mikono yao mpakani. Wapo waliozaliwa Mishamo na Katumba, ambao Burundi ni habari ya wazazi wao, na mwaka 2014 wengi walipewa vyeti vya uraia wa Tanzania. Kapu lishonwalo na mtu kama huyo, kwa nyasi za bonde la Katavi, likauzwa kwa Msukuma na kuchukuliwa juu ya baisikeli hata Kabungu, ni la jadi ya nani? Mwandishi anayetaka jibu la neno moja ataandika uongo. Swali lenye faida ni mkono gani ulifundishwa na mkono gani, na majani ya huko yalipokosekana mahali pake palitwaliwa na majani gani ya hapa.

Hapo uhakiki huu unaingia katika shughuli ya lugha. Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki, iliyoanza mwaka 1930, ilitoa mwaka 1939 kamusi iliyosimamiwa na Frederick Johnson. Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili kilipoundwa Dar es Salaam mwaka 1964 kilirithi kazi hiyo, na mwaka 1981 ikatoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Kazi hizo ni nguzo. Lakini msamiati wake wa ususi na uchongaji umeelemea pwani, ambako wakusanyaji wa mwanzo waliishi: ukili, miyaa, pakacha na jamvi ni maneno ya watu wenye minazi na mikoma. Katika miombo hakuna minazi. Huko kuna vyombo vya gome, na neno kilindo, yaani mkebe wa gome la mti wenye kifuniko, limepata kuingia kamusini. Lakini mtu anayetaka kuandika jinsi kilindo kinavyotengenezwa anahitaji pia neno la gome lililolainishwa, la kitako, la ushono wake, na la kile kijiti cha kubandulia kilichotajwa juu katika habari ya mzinga, ambacho hapa kimeitwa kijiti tu.

Mafundi wanayo maneno hayo. Hutumia la Kibende, la Kitongwe, la Kifipa, la Kisukuma au la Kirundi, wakaliingiza katika Kiswahili cha sokoni kwa viambishi vya Kiswahili, na jirani asiyejua lugha hiyo akalielewa kwa kuona kitu chenyewe. Hicho ni Kiswahili kinachofanya kazi yake. Msafiri hukisikia, lakini akifika kuandika huandika kapu, chombo au kifaa, akaongeza kwamba ni cha asili. Nayo kamusi isiyo na habari nyingine hulazimika kueleza kwa kusema ni aina ya kapu, au aina ya mti. Maelezo ya namna hiyo ni ya mtu aliyepita mbali: amejua kwamba kitu kipo, hakujua kinatofautianaje na kilicho kando yake. Fundi akifa bila kuulizwa, neno lake haliwi la zamani wala la kishairi. Linakuwa halipo, na ufundi unaobaki hauna jina la kufundishiwa.

Yaweza kusemwa kwamba huku ni kumdai msafiri asichonacho. Yeye si mtafiti, hana mwaka wa kukaa, na afadhali kidogo alichoona kuliko kukosa kabisa. Hoja hiyo ina nguvu, na habari njema nyingi zingepotea kama kila mtu angengoja ajue yote. Hakuna amwombaye akae mwaka. Yanayotakiwa ni machache, na yote yanaingia katika daftari moja lililofungwa juu ya keria. Aandike mwezi na muda aliotazama, ili msomaji ajue ni sehemu gani ya mwaka na ya kazi iliyo mbele yake. Aulize ni nini kilitangulia na ni nini kitafuata, kwa kuwa fundi hujibu swali hilo kwa furaha kuliko swali la kabila lake. Aandike majina ya vitu kama alivyoambiwa, na lugha ya aliyemwambia. Aulize kitu kitauzwa bei gani na nani atakitumia, kwa maana chungu kisichojulikana kitapika nini hakijaelezwa. Na yasiyoonekana ayataje kuwa hayakuonekana.

Kwa kipimo hicho habari nyingi zilizokwisha kuandikwa zitaonekana nyembamba, na baadhi ya zile zilizodharauliwa kwa ukavu wake zitaonekana nono. Waswahili husema macho hayana pazia. Lakini mvua ina pazia lake, na ua wa mfinyanzi una lake. Habari ya mzinga mmoja tu, iliyoandikwa Januari na mtu aliyeacha baisikeli yake kwa wenyeji wa Kabungu na kumfuata mrina asali msituni kwa miguu, akahesabu miti iliyokataliwa kabla ya ule uliochaguliwa na kuandika jina la kila chombo, ingeifaa lugha na nchi kuliko safari nzima ya kiangazi. Kwa kadiri ijulikanavyo na kila msomaji wa habari hizi, kurasa za namna hiyo ni haba. Na miti, mafundi na maneno havingojei.